Relingi ya ngazi za baraza: fundi hodari, ila Jumatatu zake ni nyingi

Mama yangu ana magoti mabovu, na nyumba yetu hapa Tukuyu imekaa mtelemkoni kama nyingi za huku. Kutoka baraza ya mbao hadi uani ni ngazi saba. Upande mmoja kuna ukuta wa kushika, wa pili upo wazi. Mwezi wa pili mvua haikutupa nafasi hata ya kuanika mashuka, ngazi zikaota ukoga, Mama akateleza ngazi ya tatu. Hakuumia. Khanga ndiyo ilichanika, na maneno niliyoambiwa siku ile siyaandiki hapa.

Nikamtafuta seremala wa karakana moja mjini. Jina nitamnong'oneza atakayeniuliza. Makubaliano yalikuwa shilingi 150,000 za ufundi, mbao na boliti juu yangu. Nilichukua paina ya Mafinga iliyowekwa dawa, ile yenye rangi ya kijani kibichi.

Nianze na sifa, maana anazistahili. Mimi nilitaka nguzo zichimbiwe chini na kumwagiwa zege, kama nguzo za uzio. Akatikisa kichwa, akaniambia: "Mama, zege linashika maji. Hapo utakuwa umeipangishia nguzo chumba cha kuozea." Badala yake nguzo zote tatu alizibana ubavuni mwa boriti inayobeba ngazi, kila moja kwa boliti mbili za kupenya hadi upande wa pili, zikafungwa kwa nati na washa. Boliti ni za kupakwa zinki, kwa sababu dawa ya mbao inakula chuma kitupu na kutu inachirizika hadi sakafuni. Misumari hakuigusa kabisa kwenye nguzo. Vichwa vya nguzo akavikata mshazari ili maji yasitulie juu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni jinsi alivyopata mwinamo. Nilidhani atakuja na mahesabu. Aliilaza mbao ndefu juu ya ncha za ngazi, akaiegemeza kwenye nguzo, akachora penseli pale inapopita. Halafu akapima sentimita 90 kwenda juu kutoka kila alama, wima, akachora tena. Basi. Mkono wa relingi ukafuata ngazi kama kivuli chake.

Kisha akamwita Mama, akimsalimu kwa Kinyakyusa. "Ugonile, Bibi. Njoo ushike." Mbao ya inchi 2 kwa 4 ilikuwa pana, vidole vya Mama havikuweza kuizunguka. Fundi akaipunguza, akaipiga randa kwenye kingo, akamwita tena, akaipiga randa tena, hadi mara ya nne Mama alipoishika na kukaa kimya. Kwa Mama, kukaa kimya ni cheti.

Sasa lawama. Vijiti vya wima alivipanga kwa nafasi ya inchi 6, eti kuokoa mbao. Mjukuu wangu wa miaka miwili alikuwa ameshaingiza kichwa hapo kabla chai haijapoa. Kwa watoto nafasi isizidi inchi 4, na hilo nilimwambia siku ya kwanza kabisa. Alinuna, akavifungua vyote, akakata kipande cha mbao cha inchi 4 kamili, akawa anakichomeka kati ya kijiti na kijiti anapofunga skrubu. Hapo kazi ikanyooka. Kipande hicho ninacho mpaka leo, kinazuia mlango wa jikoni.

Lingine ni oili chafu. Mbao ya dawa ukiikata, ndani unakuta weupe ambao dawa haikufika, kwa hiyo ncha lazima zipakwe. Yeye akaja na kopo la oili ya gari. Nikakataa, hiyo ingeishia kwenye mikono ya Mama na nguo za mtoto. Nikanunua dawa ya mbao ya kupaka kwa brashi, akapaka bila ugomvi.

Na ahadi, jamani! Alisema Jumatatu, akaja Alhamisi. Akasema Jumatatu nyingine, nikampigia, "nipo njiani mama'angu," huku nyuma yake nasikia mashine ya randa inalia. Kazi ya siku tatu ilikula wiki tatu. Kosa langu ni kununua mbao mbichi: skrubu ikizama, maji yanatoka. Nanyi msinunue bila kuziacha zikae kivulini kwanza, zimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite.

Nampa nyota nne kati ya tano. Nimeitingisha ile relingi kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba, haikucheza. Mama sasa anashuka peke yake asubuhi kuangalia migomba. Kijiti cha tano kutoka chini kimejipinda kilipokauka. Fundi kasema atakuja kukibadilisha Jumatatu.