Banda la mama mgomvi, Makole: mlenda safi, mdomo jiandae

Jina la banda silitaji, mwenyewe atanijia dukani. Lipo Makole, hapa Dodoma mjini, mabati ya bluu, meza nne. Mimi nina steshenari jirani, nakula pale karibu kila siku, mwaka wa tatu huu. Toa zile wiki mbili tulizonuniana.

Chakula kwanza. Ugali wa uwele na mlenda wa karanga ni shilingi 2,500. Ukiongeza perege wa Mtera, 5,000. Magadi hayajazidi, mlenda unavutika mpaka kidevuni, ugali unakuja unafuka. Sijala wa kuufikia hapa mjini, na mimi nimezaliwa Kongwa.

Sasa mdomo. Utamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, mama," ataitikia, halafu hapo hapo atakuuliza kwa nini umekalia peke yako meza ya watu wanne. Ukichezea simu ugali ukapoa, ni kesi. Kaka mmoja mwenye kitambulisho cha wizara shingoni aliomba kijiko cha kulia mlenda. Alichoambiwa nisikiandike.

Wengi wanamwita mshari. Mimi nakataa. Mshari anatafuta mtu. Huyu mama anagombania kitu. Nimemwona akimwagisha gunia zima la mkaa chini, muuzaji akiapa kwa Mungu, na katikati zikatoka chenga tupu na udongo. Samaki anawafunua mashavu mmoja mmoja; likiwa limepauka, kijana anarudi na ndoo yake. Ndiyo maana tumbo halijawahi kuniuma kwake. Na akishasema, yameisha, kesho hakumbuki. Wa kumwogopa ni mwenye gubu, anayekuchekea huku amekuwekea la mwaka juzi.

Zile wiki mbili tuligombania mia tano ya chenji. Nikahamia mgahawa mmoja wa vigae na feni, wahudumu "karibu sana dada" kila dakika. Perege alinuka. Nilipolalamika wakatabasamu, wakaomba radhi, wakanitoza bei ile ile. Nikarudi. Mama akaniangalia juu mpaka chini: "We wa fotokopi, umekonda." Akaweka sahani. Mia tano hakuigusia, na mimi sikuigusia.

Ninapompunguzia nyota ni kwa yule binti anayemsaidia. Anamfokea mbele ya wateja, kijiko kikidondoka tu. Mimi nilijibu, nikanuna, nikaondoka zangu. Binti ataondokaje na posho yake iko mfukoni mwa anayemfokea? Siku moja nilimkuta nyuma ya tenki la maji anajifuta machozi na ncha ya kanga. Hapo mama sina cha kumtetea, na nilimwambia. Tukagombana kidogo. Wiki hiyo alipunguza, sasa ameanza tena.

Nyota tatu na nusu. Mlenda unaisha kabla ya saa nane mchana, na noti ya elfu kumi usimpelekee asubuhi.