Chokaa ya mabonge ya Muhokya kwa kuta za nyumba kongwe za makasisi

Nyumba nyingi za makasisi za matofali, zilizojengwa hapa Uganda kwa mtindo wa Kiingereza, zinaharibiwa na simiti ya ukarabati. Tofali lililochomwa kwa kuni ni laini, hunywa maji ya ardhini. Chokaa huyaacha yatoke. Simiti huyafungia ndani. Gonga lipu ya simiti usawa wa goti: ikilia kama debe tupu, tofali la nyuma limeshaanza kuwa unga.

Ukuta wa aina hiyo unataka chokaa ya mabonge, yaani mawe ya chokaa yaliyochomwa tanurini, na inayochomwa Muhokya, Kasese, inafaa. Waingereza wenyewe hawakuwa na kingine: nyumba ya kasisi ya Epworth, Uingereza, ilijengwa upya kwa matofali baada ya moto wa 1709, na simiti ya Portland, hii ya kawaida, ilipewa hataza mwaka 1824 tu.

Kasoro yake ni uchomaji. Tanuri dogo la kuni halitoi joto sawa kila upande. Bonge lisiloiva ni zito na hubaki jiwe likitiwa majini. Hapo umepoteza pesa tu. Lililoungua kupita kiasi ndilo balaa. Huchelewa kulainika, likaja kuvimba ndani ya lipu wiki kadhaa baadaye, likabandua kidonge na kuacha kishimo chenye doa jeupe katikati. Kwa hiyo ukishaizima, yaani kuilainisha kwa maji, chuja kwa wavu wa milimita 3, kisha iache chokaa pipani miezi 3, maji yakiifunika. Wakati wa kuizima, tia chokaa kwenye maji, usimwagie maji juu yake: huchemka papo hapo na kuruka machoni. Miwani ni lazima.

Kwa lipu, changanya chokaa iliyozimwa ndoo 1 na mchanga safi ndoo 3, wenye chembe kubwa na ndogo. Loanisha ukuta, piga tabaka la milimita 10, likwaruze, lifunike kwa magunia mabichi. Likikaushwa na jua siku moja, litapukutika. Chokaa hukomaa kwa hewa, takriban milimita 1 kwa mwezi, basi usianze Aprili mvua zikiwa zimeshika.

Unga wa chokaa wa dukani? Wa kupaka ukuta weupe, basi.

Na kama paa limefichwa nyuma ya ukuta, kama Waingereza walivyopenda karne ya 18, zibua kwanza mfereji wa ndani. Ukivuja, hata lipu hii itaanguka.