Kukuza kristali za dawa: maabara ya duniani au angani?

Ukikuza kristali za protini (chembe ngumu ambazo protini zimejipanga kwa mpangilio) hapa chini mvutano wa dunia haukuachii kabisa. Kristali inapojijenga inavuta protini kwenye maji yaliyo jirani, hayo maji yanabaki mepesi yanapanda, mazito yanashuka, basi mle ndani ni mzunguko tu, na kristali ikishanenepa kidogo inazama inaenda kurundikana na zingine. Kule ISS, kile kituo cha anga kinachozunguka dunia kama kilomita 400 juu, kila kitu kinaelea, protini inafika taratibu na kristali inakua palepale ilipo.

Mfano ninaoukubali sana ni wa kampuni ya dawa ya Merck, 2017 walipeleka ISS dawa yao ya kansa, Keytruda, ambayo ni protini. Kristali zilizokuzwa chini zilitoka saizi mbili, ndogo za mikroni 13 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na kubwa za 102, za juu karibu zote zikawa mikroni 39! Hii ishu ni kubwa jamani, maana chembe zikilingana dawa haiwi nzito, inaweza kupita kwenye sindano ya kawaida, na mgonjwa wa kansa kushinda na dripu hospitali siyo mchezo.

Gharama? Hapo dunia inashinda mbali, roketi ni hela ndefu na jaribio likifeli hurudii kesho yake. Halafu siyo kila protini inatoka bora huko juu.

Mimi naona angani ni pa kujifunzia, uzalishaji ubaki chini. Hata Merck baada ya hapo walijaribu mashine za kuzungusha mchanganyiko maabara ili chembe zisizame.