Ziwa Bogoria: mchukueni mwongozaji Mwendorois

Walimu wenzangu mnaopanga ziara ya Bogoria, tafuteni mwongozaji wa jamii ya Waendorois, wenyeji wa ziwa hilo. Kampuni ya utalii iliyotupeleka kutoka Nakuru ilikuwa na basi safi na dereva makini, lakini maelezo yake yaliishia kwenye heroe na chemchemi za maji moto. Mwanafunzi alipouliza nani waliishi hapa zamani, aliambiwa palikuwa pori la wanyama tu. Huo ni uongo, na mbele ya darasa la historia uongo wa aina hiyo unaniuma.

Mzee Mwendorois tuliyemchukua Loboi, karibu na ziwa, alianzia ukingoni, penye magadi. Aliokota donge la chumvi, akalivunja kwa kidole gumba, akawaonjesha waliokuwa karibu. Ng'ombe wa kwao waliletwa hapa kulamba chumvi hiyo, na ziwa lenyewe ni mahali pa ibada na pa mizimu ya wazee wao. Kisha akaeleza walivyoondolewa baada ya eneo kutangazwa hifadhi mwaka 1973. Familia 400 ziliahidiwa mashamba yenye rutuba, robo ya mapato ya utalii na sehemu kubwa ya ajira. Zilizopata chochote ni 170, takriban shilingi 3,150 kila moja, tena mwaka 1986.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuiacha hadithi ining'inie hewani. Aliirudisha hadi sheria ya kikoloni ya 1915, iliyowafanya Waafrika kuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza kwenye ardhi ya babu zao. Baada ya uhuru ardhi hii ilishikwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wenyeji, ila sheria ya ardhi ya amana iliyowapa wajibu huo iliruhusu pia itengwe kwa matumizi mengine hata wenyeji wakikataa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliielewa hapo, juani, kuliko nilivyowahi kuwaeleza darasani.

Mzee akaendelea: kesi ya Waendorois ya kudai ardhi yao ilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2002. Wakaenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ukawapa haki: ardhi irudishwe, wafike ziwani kwa ibada na malisho, walipwe fidia. Mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza ziwa kwenye Urithi wa Dunia bila ridhaa yao. Sehemu kubwa ya uamuzi wa tume bado haijatekelezwa.

Msichana mmoja akauliza, "Mzee, sasa pesa tulizolipa langoni zinaenda kwa nani?" Hakulikwepa swali. Alisema kaunti ndiyo inayokusanya, na kwamba mgawo wa jamii ni mojawapo ya mambo ambayo tume iliagiza.

Kasoro zipo. Sauti yake ni ya chini, kwa hiyo kundi kubwa ligawanyeni mara mbili. Hana karatasi wala ramani ya kuwapa wanafunzi, na maji yaliyopanda yamemeza lango la zamani na sehemu ya barabara, basi msitarajie kuzunguka ziwa lote. Anzeni mapema, saa nne joto limeshakuwa kali. Malipo kubalianeni kabla ya kuanza kutembea.

Muhula ujao ile kampuni nitaikodi basi tu. Maelezo nitamwachia mzee.