Taa ya LED ya tangi la matumbawe: uzoefu wangu hapa Mtwara

Taa hii naipenda, ila si kwa sababu zilizoandikwa kwenye boksi lake. Boksi linasema wati 165. Nilipoichomeka kwenye kipima umeme, balbu za bluu na za nyeupe zote zimefunguliwa mpaka mwisho, ilisoma wati 110 na ushee. Hesabu ya kiwandani ni balbu ndogo 55, kila moja uwezo wake wati 3. Hawakwambii kwamba balbu haziendeshwi hadi kikomo, maana zingeungua mapema. Kwa hiyo usilinganishe taa kwa wati za boksi.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60 na kimo cha 45, kama lita 120 hivi. Ndani nimeweka matumbawe laini tu: Zoanthus, Sarcophyton, na vipande vya Sinularia alivyonikatia mfugaji mwenzangu wa Dar es Salaam kutoka tangini kwake. Vya baharini sigusi. Mnazi Bay, ghuba yetu hapa Mtwara, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na miamba yetu imeshaonja baruti na tanuri za chokaa vya kutosha.

Sasa rangi, maana hapa ndipo wengi tunapotoa pesa bure. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wa seli moja, zooksanthela, ndio wanaomlisha mwenyeji wao kwa sukari wanayotengeneza kwa mwanga. Mwanga wanaoutumia vizuri zaidi ni wa bluu, wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 500, na ndio huohuo unaofika chini baharini. Mzamiaji yeyote wa Msimbati atakwambia kitambaa chekundu ukishuka nacho kinageuka cheusi. Taa nyeupe ya kawaida ya sebuleni itakuonyesha samaki vizuri huku matumbawe yakiweza kushinda na njaa. Taa hii ina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha bluu na kimoja cha nyeupe, na kwangu hilo ndilo la maana kuliko yote. Bluu naiweka karibu asilimia 40, nyeupe asilimia 10. Usiku ukibakiza bluu peke yake Zoanthus zinawaka kijani kama makaa ya mchawi, wageni wanaacha kuangalia mpira.

Kuhusu kupima nguvu ya mwanga: zile programu za simu zinazosoma laksi, kipimo cha mwangaza, ziache. Laksi imetengenezwa kwa jicho la binadamu, linalopenda kijani, hivyo bluu inahesabiwa kidogo mno. Kipimo sahihi ni PAR, yaani mwanga ambao mimea na mwani wanaweza kuutumia kujitengenezea chakula, na mita yake, kama ile ya Apogee, inazidi bei ya taa yenyewe mara kadhaa. Mimi nasoma matumbawe. Tumbawe likianza kupauka kuelekea nyeupe, mwanga umezidi, mwani wanatolewa nje. Punguza au pandisha taa juu. Likigeuka kahawia, mwanga hautoshi na mwani wameongezeka ili kukusanya kidogo kilichopo. Likijinyoosha shingo kuelekea juu, vivyo hivyo. Tumbawe jipya lianzie chini kwenye mchanga, pembeni, kisha lisogezwe taratibu kwa wiki kadhaa.

Kasoro ipo. Lenzi zilizokuja ni za digrii 90, zinakusanya mwanga katikati na kuacha pembe za tangi gizani. Kuining'iniza sentimita 30 juu ya maji kulisaidia, ingawa mwanga mwingine sasa unamwagikia ukutani. Feni yake ya ndani inapiga kelele, na kwa hewa yetu ya chumvi, hasa nyumba za kuelekea Shangani, kutu inaanza kwenye skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Funika tangi kwa kioo na ukifute kila mara, kwa sababu ukoko wa chumvi unakula mwanga.

Halafu umeme. Siku moja ulikatika, ukarudi kwa kishindo, upande wa bluu ukazima. Hapo ndipo nilipoiheshimu hii taa: unafungua skrubu, kila kitu kinaonekana, na fundi redio wa sokoni akabadilisha kile kiboksi kinacholisha balbu umeme bila kuhitaji kuagiza chochote nje. Taa za kifahari zilizofungwa kwa gundi zingenitaka nizirudishe zilikotoka. Tangu hapo inapitia kwenye stebilaiza.

Kwa upande wa LUKU haitishi. Kwa kiwango changu inakula wati kama 40, saa nane kwa siku, ambazo ni yuniti kumi hivi kwa mwezi. Wanaomaliza yuniti ni pampu na feni ya kupoza maji, ambazo hazilali. Aliye kwenye fungu la matumizi madogo, lenye kikomo cha yuniti 75, apige hesabu ya hizo kwanza. Na joto la Mtwara hailiongezi sana: LED inapeleka joto lake juu, tofauti na zile taa za zamani za metali halaidi zilizokuwa zikichemsha tangi.

Anayetaka Acropora, matumbawe magumu yanayohitaji mwanga mkali, aachane na taa hii kwa tangi lenye kina, atafute taa za kifahari kama Radion au Kessil na ajiandae kwa bei na ushuru. Kwa matumbawe laini, agiza. Mwambie muuzaji unataka lenzi za digrii 120 na plagi ya miguu mitatu bapa. Usipotaja, itakuja ya miguu miwili ya duara, na adapta za mtaani zinapata moto.