Risasi isiyo na risasi: uzoefu wangu na bunduki ya marehemu baba

Nilisikia kitu kikilia ti, ti, ti kwenye beseni. Mke wangu alikuwa amepasua firigisi ya kuku wa kienyeji tuliyemnunua upande wa Kiambu, na changarawe zilikuwa zikidondoka. Akaniita. Katikati ya vijiwe mlikuwa na punje nne za kijivu. Mbili bado zilikuwa duara. Mbili nyingine zilikuwa zimelika, bapa, zinang'aa kama dengu iliyopakwa mafuta. Nilizitambua palepale, kwa sababu boma alikotoka yule kuku limepakana na uwanja ninakokwenda kulenga visahani vya udongo kila mwisho wa mwezi. Yalikuwa marisau, vile vipunje vinavyojazwa kwenye ganda la shotgani. Huenda yalikuwa yangu.

Kwetu Waluhya firigisi haigawanywi ovyo. Ni imondo, ni ya mwenye nyumba au ya mgeni wa heshima. Siku ile baba mdogo alikuwa sebuleni akingoja ugali, na imondo ilikuwa yake. Mke wangu aliitupa, akaenda kumweleza mwenyewe. Mimi nilibaki jikoni nimeshika zile punje nne kwenye kiganja.

Kuku hana meno. Humeza vijiwe vimsagie chakula, na hajui kutofautisha kijiwe na punje ya madini ya risasi. Firigisi inaisaga, tindikali ya tumboni inaiyeyusha kidogo kidogo, na sumu inaingia kwenye damu. Bata mwitu wamekufa hivyo kwa wingi kwenye maziwa ya nchi nyingine, ndiyo maana Marekani ilikataza marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Denmark ikayakataza mwaka 1996. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Na sisi Wakenya hatuna haki ya kusema hatukuambiwa. Tuliona Owino Uhuru kule Mombasa, watoto wakiugua kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri zenye risasi, hadi mahakama ikaamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Kiswahili chenyewe kinatuweka pagumu hapa. Risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka bundukini, neno lilelile, kana kwamba moja haiwezi kuwepo bila nyingine. Hata namba 12 ya bunduki yangu imetokana na madini hayo: ni mtutu ambao gololi kumi na mbili za risasi zinazoutosha zina uzito wa ratili moja. Kwa hiyo nilipoanza kuuliza madukani kama wanauza risasi isiyo na risasi, watu walinitazama mara mbili.

Niseme mapema kwamba siwindi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Bunduki ninayo kwa cheti kilicho kwa jina langu, na inatoka kabatini kwenda uwanjani na kurudi kabatini. Ni ya marehemu baba: shotgani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, miaka ya thelathini. Kitako chake kina mkwaruzo mahali shavu lake lilipokuwa likiegemea. Sitaki kuiuza na sitaki kuiharibu.

Kosa la kwanza nililifanya dukani. Muuzaji aliniambia, "Kuna ya 12 ya chuma hapa, haina risasi hata chembe, chukua." Nikachukua boksi moja. Nyumbani nikaweka ganda moja kwenye chemba, yaani pale nyuma ya mtutu ganda linapokaa, likaingia. Nikafunga, ikafunga kwa ulaini uleule niliouzoea. Laiti ningekuwa uwanjani siku hiyo ningefyatua. Nashukuru nilikuwa mezani, na nashukuru zaidi kwamba niliamua kwanza kumpelekea fundi.

Fundi wangu ni mzee ambaye amefungua bunduki za aina hii tangu ujana wake. Alitazama boksi, akaliweka mbali nasi.

"Mzee, hii si 12?" nikamuuliza.

"Ni 12, mwanangu. Lakini 12 ni upana. Mimi nakuuliza urefu."

Akaivua mitutu, akaigeuza, akaniambia nisome upande wa chini kwenye bapa. Miaka yote hii sikuwahi kupaangalia. Palikuwa na mihuri midogo: taji na herufi NP, ikimaanisha mitutu ilipimwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, almasi yenye 12 na C ndani, na 2½, yaani chemba ya inchi mbili na nusu, ambayo kwenye maboksi ya siku hizi huandikwa 65, yaani milimita. Boksi langu liliandikwa 70.

Hapa ndipo wengi tunapotegwa. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kupigwa na kufunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo ganda la 70 linaingia kwenye chemba ya 65 bila kulalamika. Likipigwa, mkunjo unafunguka na kuingia kwenye koo la chemba, njia inabanwa, shinikizo linapanda. Bunduki kufunga vizuri si ushahidi wa kitu chochote.

Baada ya hapo alipima unene wa kuta za mitutu. Mahali pembamba kuliko pote palikuwa na inchi 0.024. Akasema ingekuwa chini ya 0.020 angenishauri niitundike ukutani. Mwisho akapima choki, yaani pale mtutu unapobanwa karibu na mdomo ili marisau yasitawanyike upesi. Mtutu wa kulia umebanwa robo. Wa kushoto umebanwa kikamilifu.

Huo mtutu wa kushoto ndio uliokata shauri. Chuma ni kigumu. Risasi ikifika kwenye choki inabonyea na kupita. Chuma hakibonyei, kinasukuma mtutu. Kwa bunduki ya zamani iliyobanwa sana kinaweza kuacha uvimbe kama pete karibu na mdomo. Ushauri wa kawaida ni kutotumia chuma zaidi ya choki nusu. Tena hicho ni chuma cha kawaida, kwenye bunduki yenye muhuri wa baruti ya kisasa na chemba inayolingana na ganda. Chuma cha nguvu ya juu ni cha bunduki zilizopimwa mahususi kwa ajili yake, zenye muhuri wa ua la yungiyungi. Kama mitutu yako ni ya damaski, ile yenye michirizi kama mkeka, na ilipimwa kwa baruti nyeusi tu, usijaribu ganda lolote la kisasa, la chuma wala la kitu kingine, mpaka fundi aseme.

Mzee alikubali kuipanua choki ya kushoto kama ningetaka. Nilikataa. Baba aliijua bunduki hii ikiwa hivyo, na chuma kikishakwanguliwa hakirudi.

Ndipo akaniambia habari za bismuthi, metali nyingine inayotumika badala ya risasi. Akafungua mbele yangu maganda matatu kwa vifaa vyake (msijaribu haya nyumbani), akatoa punje moja moja, akazibana kwa koleo. Ya risasi ilibonyea kimyakimya kama ubani. Ya chuma ilikataa kabisa, ikaacha alama kwenye meno ya koleo. Ya bismuthi ilibonyea kidogo kisha ikapasuka, krak, vipande viwili. Akasogeza sumaku: ya chuma ikarukia, zile mbili zikatulia. Kwa hiyo sumaku itakuonyesha chuma, lakini haitakutofautishia risasi na bismuthi. Mimi maboksi yangu nayaweka mbalimbali na sichanganyi maganda mfukoni.

Bismuthi ni laini kiasi cha kupita kwenye choki ya aina yoyote kama ilivyokuwa risasi. Uzito wake uko katikati: risasi ni gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo, bismuthi karibu 9.6, chuma 7.8. Ndiyo maana anayehama kutoka risasi kwenda bismuthi huchukua punje kubwa zaidi kwa saizi moja, na anayekwenda kwenye chuma huongeza saizi mbili, ili punje isipoteze nguvu njiani. Kuna pia mchanganyiko wa tangsteni, metali nyingine tena, ulio laini na mzito karibu kama risasi, unaofaa sana bunduki za zamani, lakini bei yake iliniondolea hamu ya kuendelea kuuliza.

Niliagiza bismuthi kupitia duka lenye leseni: maganda ya 65, yenye gramu 28 za marisau, saizi ya punje namba 6. Waingereza wana bunduki nyingi za kurithi kama hii, na tangu mashirika tisa ya wapiga shabaha na wawindaji wao yalipotangaza Februari 2020 kwamba wataacha risasi kwa hiari ndani ya miaka mitano, watengenezaji wameongeza maganda mafupi yasiyo na risasi. Kuyafikisha Nairobi ni jambo jingine. Vibali na meli vilinichukua miezi, na fedha za boksi moja zingeninunulia maboksi manne ya chuma.

Siku ya majaribio nilianza na karatasi mita 27 mbele yangu, nimechora duara la sentimita 76. Mtutu wa kulia ulitawanya vizuri, hakuna pengo ambalo kisahani kingepenya. Wa kushoto ulikuwa mzito katikati, vilevile kama nilivyouzoea na risasi. Pembeni kulikuwa na matundu machache madogo, yasiyo duara, nadhani ya punje zilizopasuka njiani. Kwenye visahani nilivunja vinane kati ya kumi, na hiyo ndiyo hali yangu ya kawaida. Mpigo begani haukuniambia tofauti yoyote. Jioni Mzee alipitisha kidole nje ya mitutu yote miwili, akachungulia ndani kwa taa. Hakuna pete. Hakuna mkwaruzo.

Jambo jingine lililonifurahisha: kile kizibo kinachokaa kati ya baruti na marisau ndani ya maganda haya ni cha nyuzi, si plastiki. Chuma kinahitaji kikombe kigumu cha kukizuia kisikwangue mtutu, na mara nyingi ni cha plastiki. Vikombe hivyo hubaki nyasini, na ng'ombe wa jirani huchunga palepale. Vipo sasa vinavyooza, lakini uliza kabla ya kununua.

Kwa mazoezi ya kila mwezi siwezi kumudu bismuthi. Kwa hiyo naazima bunduki mpya ya uwanjani, iliyobanwa robo tu, na ninaipigia chuma namba 7, nimevaa miwani ya kinga kwa sababu chuma hudunda kikigonga jiwe. Sina ubaya na chuma. Kina bunduki yake. Ya baba inatoka mara chache kwa mwaka, na ikitoka inakula bismuthi peke yake. Risasi zangu za zamani nimezirudisha dukani.

Shemeji yangu wa Arusha, ambaye huwinda kanga na kwale kwa kibali, amenipigia juzi akitaka nimnunulie boksi kama langu kwa ajili ya bunduki ya babu yake. Nimemwambia, "Shemeji, kwanza vua mitutu, igeuze, unipigie picha ya mihuri yote iliyo chini." Picha zimefika jana usiku. Naona taji, naona 12, lakini NP siioni, na ile michirizi ya mkeka inaonekana wazi. Kesho asubuhi nampelekea Mzee simu aziangalie.