Fiziotherapia baada ya kuwekewa diski bandia: tathmini ya kliniki moja ya Milimani, Kisumu

Yeyote aliyewekewa diski bandia kiunoni, yaani kifaa kinachowekwa kati ya pingili mbili za uti wa mgongo badala ya diski iliyoharibika, na anayetafuta mahali pa kufanyia mazoezi hapa Kisumu, namshauri aanzie kwenye kliniki ndogo ya fiziotherapia iliyo ghorofani mtaani Milimani, ambako nimekuwa nikihudumiwa tangu niliporejea kutoka India nilikofanyiwa upasuaji. Ubora wao ni kwamba huishughulikia misuli inayoiongoza diski, wala hawaishii kwenye kidonda na maumivu.

Siku ya kwanza mtaalamu hakunigusa kabla ya kusoma barua ya daktari mpasuaji na kutazama picha ya eksirei. Alitaka kujua aina ya diski. Yangu ni ProDisc-L, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, miaka miwili baada ya ile ya Charité iliyobuniwa Berlin. Ni mabamba mawili ya chuma yenye kitovu cha plastiki ngumu kilichokazwa kwenye bamba la chini. Kisha alinieleza jambo ambalo wagonjwa wengi hatuambiwi tunaporuhusiwa kwenda nyumbani: daktari hupitia tumboni, hivyo misuli ya mgongo haikatwi, lakini ile misuli mifupi inayoshika pingili moja na nyingine mara nyingi huwa imekwisha kusinyaa na kuingiwa na mafuta kutokana na maumivu ya miaka mingi, na diski mpya peke yake hairudishi nguvu hizo. Aliyeunganishwa pingili kwa skrubu hushikiliwa na chuma mahali pale. Mwenye diski bandia amebakiwa na kiungo kinachocheza, na kiungo hicho kinahitaji misuli ya kukituliza. Tena, kwa kuwa kano ya mbele ya uti wa mgongo hukatwa ili diski ipite, alinikataza kabisa kujipinda kwa nyuma katika wiki za mwanzo.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi wanavyopima. Mtaalamu huchora alama mbili mgongoni kwa kalamu, moja sentimita 10 juu ya usawa wa vile vishimo viwili vya kiunoni na nyingine sentimita 5 chini yake, halafu hushikilia tepu ya fundi cherehani juu ya ngozi huku unainama. Kwa mgongo unaokunjika vyema, umbali huo huongezeka kwa sentimita 5 au zaidi. Wangu uliongezeka kidogo mno, ingawa vidole vyangu vilikaribia kugusa miguu. “Mwalimu, hizo ni nyonga zinazoinama,” aliniambia, “mgongo bado umejifunga.” Kliniki niliyoitangulia kwenda ilitosheka kuona vidole vimeshuka, ikaniweka chini ya taa ya joto na kunikanda, jambo ambalo naliona ni kumpotezea mgonjwa muda wake na fedha zake.

Mazoezi huanza kwa utaratibu sana. Unalala chali umekunja magoti, mfuko wa hewa unawekwa chini ya kiuno na kujazwa hadi shinikizo la milimita 40 za zebaki, nawe unatakiwa kuinua mguu mmoja bila mshale wa kipimo cha shinikizo la mfuko huo kuyumba. Mshale wangu ulikuwa ukiruka kila nilipoinua mguu wa kushoto, na mtaalamu hakukubali tuendelee mbele hadi ulipotulia. Baadaye ndipo unapiga magoti na viganja chini, ukanyoosha mkono mmoja pamoja na mguu wa upande wa pili. Kuinua ndoo ya maji huja mwisho kabisa.

Kasoro zipo. Hakuna lifti, na ngazi ni adhabu kwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Jumamosi watu hujaa, mtaalamu mmoja akahudumia wagonjwa kadhaa kwa pamoja, na tepu haitolewi. Malipo ni ya kila kikao kwa M-Pesa, kwa hiyo anayetegemea bima aulize mapema. Chukueni miadi ya asubuhi katikati ya wiki, na mwende na barua ya upasuaji pamoja na picha zenu zote.